Siku Nyekundu Nilizozifuta

Wanangu mnaoingia kitengo cha hewa, mkuu wenu ameniomba niwaandikie kurasa chache juu ya kutunza vipimo vya vumbi. Alisema niziandike kwa mpangilio: kwanza, pili, tatu. Nimejaribu siku mbili nikashindwa. Mpangilio nilimwachia marehemu baba yangu, ambaye alikuwa akipanga hata viatu vya wageni mlangoni kwa kufuata ukubwa. Mimi nitasema kama inavyonijia, na atakayechoka aruke ukurasa. Hata mimi niliruka kurasa nyingi za vile vitabu vya maelekezo vilivyokuja na mashine, na mtaona yaliyonipata.

Jina langu ni Hajara Akello. Baba alikuwa polisi, Mwislamu wa Arua, na mama Mkatoliki wa Kitgum. Nilizaliwa katika kambi ya polisi hapa Kampala, na kambini Kiswahili ndicho tulichoombea chumvi kwa jirani na ndicho tulichogombania maji bombani. Ndiyo maana nawaandikia kwa Kiswahili. Anayetaka kizungu akasome ripoti zangu, ziko kabatini, na panya hawajazimaliza.

Kazi hii niliianza wakati jiji zima tuna mashine moja tu ya kupima hewa, nayo imeharibika. Tulikuwa watu watatu tukiilinda. Aliyenifundisha ni Mzee Ssali, fundi wa vipimo, mtu mfupi mwenye koti la kijivu ambalo sikuwahi kumwona bila hilo hata jua likiwaka vipi. Siku yangu ya kwanza niliinamia kioo cha mashine kusoma namba. Akanivuta bega.

"Hajala, ssebo wewe, unasoma nini na hata mti hujaangalia?"

Kuniita ssebo, yaani bwana, kana kwamba mimi ni mwanamume, ndiyo ilikuwa namna yake ya kukemea; na Hajara kinywani mwake daima ilikuwa Hajala. Akanipeleka kwenye mti wa pembeni, akachuma jani, akalifuta kwa leso nyeupe. Leso ikatoka na weusi. Akanusa hewa kama mtu anayenusa mchuzi kabla ya kutia chumvi. "Takataka inachomwa, upande ule. Na kuna plastiki ndani. Sasa nenda usome namba, uone kama mashine inakubaliana na sisi." Tangu siku ile sikusoma namba kabla ya kunusa. Nasema hivyo, lakini si kweli. Kuna mwaka mmoja nilisahau, na mwaka huo ndio ulionifanya niyaandike haya.

Kwanza mjue tunachopima. Lile vumbi kubwa linalokufanya upige chafya si adui mkubwa, pua inalikamata. Tunazozisaka ni chembe laini, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi. Zinapita pua, zinapita koo, zinakwenda kukaa chini kabisa ya mapafu, na nyingine zinaingia katika damu. Zinatoka kwenye takataka zinazochomwa, kwenye magari chakavu, kwenye kuni na makaa ya jikoni, na kwenye barabara za udongo ambazo magurudumu yanazisaga mpaka zinakuwa unga. Mtoto anazivuta na kucheka, wala hajui. Ndiyo maana serikali inatuajiri: sisi tuone kwa niaba yake.

Zamani tulitumia karatasi za chujio. Unaipima karatasi kwenye mizani ikiwa safi, unaiweka kwenye mashine siku nzima inavuta hewa, unairudisha, unaiacha ipumzike kwenye chumba kikavu, kisha unaipima tena. Uzito ulioongezeka ndio vumbi. Karatasi haiguswi kwa kidole, inashikwa kwa kibano. Mimi siku moja Wandegeya nilikuwa nimenunua kikomando, zile chapati zilizokatwakatwa ndani ya maharage, nikala huku nabadilisha chujio, maana njaa haina adabu. Karatasi ile ilipopimwa ikawa nzito kuliko karatasi zote za jiji. Mzee Ssali aliishika kwa kibano akaipeleka puani.

"Hajala, hii ni hewa ya Wandegeya au ni malagwe ya Wandegeya?"

Maharage hayo, malagwe kama alivyoyaita, nilichekwa nayo kwa miaka. Mtu wa kitengo akinikuta kantini alikuwa akiuliza kama chakula changu kimeshapimwa.

Kisha vikaja visanduku vyeupe hivi mnavyovijua, vinavyofungwa ukutani au nguzoni, vina kifeni kidogo ndani na mdomo chini unaovuta hewa. Sisi mdomo huo tunauita pua. Namba zinakwenda zenyewe kwenye mtandao, na ubao unaonyesha rangi: kijani ni hewa safi, njano si haba, chungwa ujihadhari, nyekundu ni hatari, na zambarau hata mimi nafunga dirisha. Watu wakadhani kazi imekwisha, kisanduku kinajifanyia kila kitu. Hakijifanyii. Buibui hujenga ndani ya pua. Nyigu hujenga. Msikifunge juu ya jiko la muchomo, nyama ya kuchoma, mtapima mbuzi badala ya jiji. Kule Kikuubo sokoni nilifunga kimoja Jumatatu juu ya duka la jumla, Jumatano nikakikuta kimefunikwa na magodoro sita. Mama mwenye duka aliniita nnyabo, yaani bibi, wala hakuona aibu hata kidogo.

"Nnyabo, hiyo sanduku yako imekaa kwa nafasi ya biashara. Inalipa kodi ya nani?"

Nilimbembeleza, akakataa. Nikampeleka nje, nikafuta shingo yake kwa leso yangu nyeupe, nikamwonyesha. Akaniambia bannange, yaani jamani, akayahamisha magodoro mwenyewe. Leso inasema kuliko karatasi ya wizara. Nunueni leso nyeupe.

Sasa nifike kwenye lile linalonikaa rohoni.

Nyuma ya Kyambogo, chini ya mteremko, kuna mtaa ambao tuliuita bondeni tu. Barabara yake ilikuwa ya udongo mwekundu, na mwisho wake kulikuwa na shimo ambalo mtaa mzima ulitupa takataka na kuzichoma, kwa sababu lori la jiji lilikuwa linapita likipenda. Katikati ya barabara na shimo kulikuwa na shule ya msingi. Mkabala na shule kulikuwa na yadi ndogo ya kuhifadhia vifaa, na mlinzi wake alikuwa Koplo Odong, mwanajeshi mstaafu, mtu wa kwetu kaskazini. Yadi yake ilikuwa imefagiwa kama sahani iliyolambwa. Mawe ya mlangoni ameyapaka chokaa. Niliipenda mara moja, ilinirudisha utotoni. Nikafunga kisanduku kwenye ukuta wake.

Nilipomkabidhi nilisema maneno ambayo nayakumbuka hivi hivi yalivyo: "Koplo, hii ni mali ya serikali. Vumbi lisiingie ndani." Nilikuwa na maana ya kile kiboksi cha betri kilicho chini, mlango wake ukiachwa wazi waya zinaharibika. Sikumwonyesha kwa kidole. Nilikuwa na haraka, nina vituo vingine vinne siku hiyo. Koplo akapiga saluti.

Na kwa adabu ya kambini, kila nilipotaka kwenda kukikagua nilimpigia simu jana yake. Mtu hapewi ukaguzi bila kuarifiwa, ndivyo nilivyolelewa. Nilikuta kila kitu kinang'aa, nikamsifu, nikaondoka.

Bondeni pakawa kijani. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mwaka mzima: kijani, mara moja moja njano. Ajabu ilikuwa moja tu. Siku ninapokwenda mimi, ubao unaruka unakuwa mwekundu kwa saa tatu nne, halafu unarudi kijani. Nikawaza, nikapata jibu: ni vumbi la pikapu yetu, linatimka tunapoingia. Basi nikawa nazifuta saa hizo kwenye rekodi, na pembeni naandika "vumbi la gari la kitengo". Nilijiona mtaalamu hasa. Kwenye mafunzo nilitoa mfano huo, nikapigiwa makofi, na mkubwa wangu akasema hakuna mwenye rekodi safi kama Hajara. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaacha kunusa.

Namba zile hazikuwa za kutazama tu. Kila mwaka kitengo hupeleka orodha ya mitaa yenye hewa mbaya zaidi, na serikali huanza na hiyo: mashimo ya kuchomea yanafungwa, lori la takataka linapangiwa siku, barabara zinawekwa lami, na kiangazi gari la maji linapita kunyunyiza. Jiji ni kubwa, kapu ni dogo, kwa hiyo anayeonekana kijani anasubiri. Bondeni pakawa mwisho kabisa wa orodha. Mimi ndiye niliyepaweka huko kwa mkono wangu.

Kiangazi kimoja akaja ofisini mwanamke mrefu, kitambaa kichwani, daftari la mahudhurio kwapani. Mwalimu Nekesa, Mkenya wa Bungoma, alikuwa akifundisha darasa la tatu katika shule ile ya bondeni. Hakukaa.

"Wewe ndiye Madam wa hewa?"

"Ndiye mimi. Karibu, Mwalimu."

"Asante. Nimeona kwa simu mnasema kwetu ni kijani. Nimekuja kuuliza hiyo hewa ya kijani mnaipatia wapi, ndiyo na sisi tuende tuichukue. Ya kwetu iko na moshi."

Akafungua daftari. Majina ya watoto, na mbele ya majina misalaba midogo ya siku ambazo hawakuja kwa kukohoa. Akaweka kidole kwenye jina moja, Shamim. "Huyu ana pumu. Nimemkalisha karibu na mlango, ndio tumbebe mbio. Wiki jana tulimbeba. Akibebwa tena sijui kama atarudi."

Nifiche nini? Nilijisikia nimetukanwa. Nikamwambia, kwa sauti ile ya ofisini, "Mwalimu, namba ni namba."

Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyenakili jibu. "Madam, mimi nafundisha hesabu. Namba huandikwa na mtu."

Akaondoka. Sikuweza kunywa chai. Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikapanda boda kwenda bondeni bila kumpigia simu mtu yeyote. Nawaambia ukweli: sikwenda kutafuta kosa langu. Nilikwenda kuchukua ushahidi wa kumnyamazisha yule mwalimu.

Kabla sijashuka kwenye boda macho yalikuwa yanatoa machozi. Shimo lilikuwa linawaka, moshi wa plastiki umelala barabarani, watoto wanapita ndani yake na mabegi mgongoni. Nikachuma jani kwenye ua wa shule, nikalifuta, leso ikawa nyeusi. Nikafungua simu: kijani. Nikainua macho ukutani. Pua ya kisanduku ilikuwa imefungwa soksi. Soksi nyeupe, safi, imekazwa kwa mpira, fundo zuri la kijeshi.

Koplo Odong akatoka mbio, shati nusu halijafungwa vifungo. Uso wake ulikuwa na aibu, lakini si aibu niliyoitegemea.

"Afande! Haukupiga simu! Ngoja kidogo natoa hii kitambaa, mimi bado sijakuwa tayari ya inspekisheni."

Akaitoa soksi haraka, akaikunja, akaiweka mfukoni, akasimama sawa. Mimi simu ilikuwa mkononi. Nikaitazama. Baada ya dakika chache ikawa njano. Ikawa chungwa. Ikawa nyekundu, ikabaki hapo. Nilikaa chini juu ya tofali, bila kujali suruali ya kazi.

"Koplo, hii soksi iko hapa tangu lini?"

"Tangu siku ile ulinipatia hii mashine, afande. Wewe ulisema vumbi isiingie ndani. Kila Jumamosi nafua. Nikijua unakuja natoa, sababu inspekisheni lazima vifaa iko wazi."

Hapo nikaona kambi yote mbele yangu. Nimewaona askari maisha yangu yote wakifunga kitambaa mdomoni mwa bunduki wanapopanda lori, vumbi lisiingie, na kukitoa siku ya ukaguzi. Baba alifanya hivyo. Mtu mwingine yeyote Kampala angeweza kusema hakufikiria. Mimi binti wa kambi sikuwa na la kusema. Na zile saa nyekundu nilizokuwa nikizifuta kila ziara ndizo saa pekee ambazo kisanduku kilikuwa kinavuta pumzi. Nilicheka, kisha nikalia, na sikuona haya kulia mbele yake.

Nikamweleza taratibu, kwamba mashine hii kazi yake ni kula vumbi, na ikikosa kula, serikali inadhani vumbi halipo. Akasikiliza. Akageuka akatazama shule, watoto wamepanga mstari wanaimba wimbo wa taifa katika moshi.

"Kwa hiyo mimi nimeficha adui?"

"Tumemficha wawili, Koplo. Mimi nilikuwa kamanda."

Nikaenda moja kwa moja kwa mkubwa wangu. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda faili safi kuliko kitu chochote duniani. Kikao cha kupitisha orodha kilikuwa kimebakiza wiki tatu, na mimi kustaafu nilikuwa nimebakiza miezi. Akanipa njia mbili. Ya kwanza, ninyamaze, mwaka ujao namba mpya zitajieleza zenyewe. Ya pili, kama lazima niseme, niandike kwamba mlinzi aliharibu kifaa cha serikali; afukuzwe, mambo yaishe.

Usiku ule sikulala vizuri, sitawadanganya. Niliogopa. Kiinua mgongo changu hakikuwa kimesainiwa, na jina langu nilikuwa nimelijenga kwa miaka mingi. Lakini kila nilipofumba macho nilimwona yule mtoto karibu na mlango, na mwaka mzima wa ziada katika moshi ule. Na Koplo Odong afukuzwe kwa kunitii? Asubuhi nikamwambia mkubwa: natafuta ya tatu. Nipe kisanduku kimoja cha akiba, mashine ya chujio, na wiki hizo tatu. Akasema nitajiaibisha. Nikamwambia aibu ni yangu, sijamwazima mtu.

Wanangu, sijawahi kufanya kazi kama nilivyofanya wiki zile. Tulifunga kisanduku cha pili kando ya cha kwanza, ili kimoja kimshuhudie mwenzake. Nikarudi kwenye karatasi za chujio, kibano na mizani, kila siku asubuhi, vidole mbali na chakula. Chujio zilikuwa zinatoka nyeusi kama sufuria ya mkaa. Nikaipima na ile soksi, nikaifunga puani saa moja na kuifungua saa moja, siku kumi mfululizo, ili hakuna atakayesema rangi zilibadilika kwa sababu nyingine. Koplo Odong alinunua daftari. Aliandika kila saa: upepo unatoka wapi, shimo linawaka au limezimwa, gari gani limepita. Mwandiko wake ulikuwa wa herufi kubwa zilizosimama wima, zote zimevaa sare. Sijaona rekodi ya uwanjani iliyo bora kuliko ile, na nimesoma za watu wenye digrii tatu.

Mwalimu Nekesa nilimfuata shuleni mwenyewe. Nilimwambia, "Ulikuwa sahihi, na mimi nilikosea, na nilikujibu vibaya." Akasema, "Sawa. Sasa tufanye nini?" Hilo tu. Sikuwahi kupata msamaha mfupi namna ile, wala wenye kazi nyingi ndani yake. Alikusanya wazazi, wakaja kusimama barabarani tuwafute shingo kwa leso, mmoja mmoja, mpaka leso zikaisha.

Siku ya kikao nilivaa gomesi yangu ya sikukuu. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye miwani mizito na maneno machache. Alipofika mwisho wa orodha, kwenye jina la bondeni, nikainua mkono, nikaeleza yote: maagizo yangu ya haraka, soksi, simu nilizokuwa napiga. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mkubwa wangu alikuwa akitazama dari. Mwenyekiti akavua miwani.

"Kwa hiyo, Bi Akello, unaniambia namba zako za mwaka mzima za mtaa huu ni uongo?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Zote, isipokuwa zile nilizozifuta."

Mwenyekiti akamwambia karani azifungue, maana mtandao hauzitupi namba zilizofutwa, unaziweka kando tu. Karani akasoma ziara moja moja, na kila ziara rangi yake: nyekundu, nyekundu, zambarau, nyekundu. Kisha nikapanga chujio mezani kwa tarehe, na daftari la Koplo kando yake. Kuna mzee wa idara ya barabara alianza kusema juu ya utaratibu, kwamba orodha ikishafungwa imefungwa. Mwenyekiti akamwuliza kama anaweza kuishika moja ya karatasi zile akapumulia ndani yake. Hakuweza. Bondeni pakahamishwa juu.

Mimi nilipewa barua ya onyo. Ni ya haki, nimeitia kwenye faili langu pamoja na vyeti. Nilichoomba ni kimoja, kwamba jina la Koplo Odong lisiandikwe kama mkosaji popote, na hilo nilipewa kwa maandishi.

Msidhani siku ya pili yake moshi ulikwisha. Shimo lilifukiwa, lori likapangiwa Jumanne na Ijumaa, na Jumanne ya kwanza halikuja. Watu wakaanza kuchoma tena kando ya udongo mpya. Koplo alinipigia simu, nikampigia dereva, nikampigia mkubwa wa dereva, nikaenda kusimama getini kwao mpaka lori likatoka mbele ya macho yangu. Wiki iliyofuata likachelewa, nikaenda tena. Walinzi wa geti wakaanza kuniwekea kiti. Serikali hufanya kazi, wanangu, lakini anatakiwa awepo mtu aliyekataa kwenda nyumbani. Lami ilifika mpaka geti la shule kabla ya mvua. Kipande cha chini bado ni udongo, na nawadai nyinyi kipande hicho. Ubao wa pale sasa ni njano, siku nyingine chungwa. Mkiuona kijani tupu, pandeni boda mwende mkaangalie pua.

Niliporudi bondeni mara ya mwisho nikiwa mtumishi ilikuwa Ijumaa, lori limekwishapita. Nilimkuta Mwalimu Nekesa darasani amesimama juu ya dawati, kisu mkononi. Madirisha yote ya darasa lile hayakuwa na vioo, na kila kiangazi alikuwa akiyagongomea nailoni nyeusi kuzuia moshi, watoto wakasoma gizani na joto likawamaliza. Alikuwa ameshakata upande mmoja. Shamim alikuwa ameketi katikati ya darasa kama wenzake, anachonga penseli. Nekesa akanitazama kutoka juu, jasho linamtoka.

"Madam, usisimame tu. Shika hapa chini tuvute."

Nikaweka begi langu la vipimo chini, nikashika, tukavuta.